Arvid Hali

Daktari kasema: ng'ombe basi.
Moyo wako, Bwana Arvid, umechoka na mafuta.
Kaka yangu akakunja uso kama risiti ya zamani.
Miaka thelathini na moja kasukuma theluji ya St. Paul
kwa lori lenye jembe mbele, usiku, peke yake,
na chakula chake kilikuwa kimoja:
mkate wa nyama, ya ng'ombe, kipande kinene,
cha baridi, kwa mkono.

"Bata mzinga," alisema njiani, "ni wa Novemba.
Siku moja. Tena kwa adabu tu."

Wiki ya pili sasa yuko kwangu, chumba cha nyuma.
Sahani anaisukuma kama alivyosukuma theluji:
pembeni, polepole, bila kinyongo.
Kanisani wananiuliza hali yake.
Hali, nawajibu.
Hali kabisa.

Leo Jumanne, nyuzi tisa chini ya sifuri,
nimefungua kilo nzima ya bata mzinga wa kusaga.
Imepauka nyama hii, kama mtu aliyeamshwa ghafla.
Nimekuna karoti. Nimekuna tufaha, isije ikakauka.
Kitunguu nimekikaanga kwanza, hadi kikanyamaza.
Yai; mkate wa juzi uliolowekwa kwenye maziwa;
chumvi kidogo, kidogo, Daktari anasikia.
Nikatia mikono yote miwili, na ubaridi
ukanipanda hadi viwikoni.
Usiikande kana kwamba una kisa nayo, Mama alisema.
Ikusanye tu,
kama nguo za kamba, mvua ikianza.

Halafu ile chupa.
Pa Houa wa nyumba ya pili aliniletea Septemba:
pilipili za bustani yake, nyembamba, nyekundu,
kazitwanga pamoja na kitunguu saumu.
"Kijiko kimoja," alinionya.
Akanitazama usoni, akajisahihisha: "Nusu."
Katika ukoo wetu, pilipili manga ni ujasiri.
Baba aliiita vumbi, akiipangusa kwenye kiazi.

Nikatia vijiko vitatu.
Na sosi ya nyanya, na siki, na sukari guru,
nikachemsha hadi rojo ikavuta, ikang'aa
kama mlango wa gari jipya.
Nikapiga chafya mara nne.
Paka akahama jiko.

Nikapaka, nikaoka. Nikapaka tena.
Madirisha yakatoka jasho.
Kingo zikaanza kuungua kidogo, nyeusi, tamu:
kile kipande cha pembeni tulichokigombania utotoni
hadi siku moja Mama, amechoka, akampa mbwa.

Sikumwita. Alikuja mwenyewe,
kasimama mlangoni na soksi zake za sufi,
zimelowa vidoleni. Sikuuliza.
Akakaa. Akatafuna. Akaacha kutafuna.
Masikio yakaiva.
Chozi moja likashuka, likafuata mkunjo hadi kidevuni,
nami tayari nimeshika glasi ya maziwa.
"Ng'ombe mzuri huyu," akasema, akivuta kamasi.

Sikutamka neno. Nilikuwa nahesabu.
Kipande cha pembeni. Cha pili yake. Nusu nyingine.

Saa nne usiku nikatoka na takataka.
Kwenye pipa la vitu vya kurejelezwa,
lililopoteza mfuniko kwa upepo wa Januari,
nikaikuta karatasi ya ile nyama,
niliyoifukia jikoni chini ya maganda ya karoti.
Imeoshwa. Imekunjwa mara nne, kama akunjavyo kila kitu,
picha ya bata mzinga ikitazama juu.
Na juu yake theluji, unene wa vidole viwili.
Nayo theluji ilikoma saa kumi na mbili,
kabla hatujala.

Nikairudisha palepale.
Nikaingia, nikafungua friji
kuangalia kipande cha pembeni cha upande wa pili, changu,
nilichokifunika kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakipo.